Breki Iliyomgomea Cheelo Peke Yake

Uvumi ulimkuta Bina Cheelo sokoni Kafue, ameinamia beseni lake la kapenta, wale dagaa wa ziwani. Watu walisema haya malori mapya, yanayojibadilishia gia yenyewe, yanagoma kushika yakiteremka mlima wa kwenda Chirundu. Tena hayagomi bure, kuna mkono wa mtu karakana. Mwanamke aliyeyaleta maneno hayo alifungiwa kapenta zake akaenda zake. Maneno yakabaki. Bina Cheelo alilala nayo, akaamka nayo.

Mwanawe Cheelo alikuwa anaendesha lori la namna hiyo hiyo. Alishamweleza mama yake jinsi linavyofanya kazi: dereva akiinua mguu kwenye mafuta, injini yenyewe hulivuta lori nyuma, breki za matairi zikabaki baridi. Lakini kwa Cheelo injini ilinyamaza tu. Gia zikapanda badala ya kushuka, naye akabaki kukanyaga breki mpaka magurudumu yakafuka moshi. Kila akilirudisha karakana, fundi Sitali analipima, kompyuta haionyeshi kosa, breki inashika vizuri. Tajiri mwenye lori akachoka. Akasema Cheelo akirudi tena na breki zilizoungua, lori atapewa Lutangu.

Na Lutangu ni nani? Ni mdogo wake fundi Sitali, tumbo moja.

"Wewe huoni?" Bina Cheelo alimuuliza mwanawe, akimsogezea nshima, ugali wa jioni. "Gari likiwa mikononi mwake linashika. Likiwa mikononi mwako linakimbia. Huyo anafungua kitu, halafu anakifunga."

"Mama, Ba Sitali ni mtu mzuri," Cheelo akasema, akimtaja fundi kwa heshima.

"Uzuri wake utaniletea wewe ndani ya sanduku."

Siku Sitali aliposema wakalijaribu lori barabarani likiwa na mzigo wa saruji, Bina Cheelo alikuwa ameshafika getini pa karakana, kitenge kimefungwa kiunoni. Sitali alikuwa Mlozi, kabila la wavuvi, na mama huyu Mtonga, kabila la wafugaji, kwa hiyo utani ulikuwa halali yao.

"Karibu, mama wa maziwa machachu," Sitali akasema. "Umekuja kunilinda nisiibe injini?"

"Nimekuja kuitazama mikono yako. Ninyi wala samaki mikono yenu inateleza."

Sitali akacheka. Bina Cheelo hakucheka. Utani ni nguo nzuri, aliwaza, lakini mtu anaweza kuficha kisu ndani yake.

Fundi ndiye aliyeanza kuendesha. Kabla hajakaa, akakiinua kizulia kilichokuwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva. Bina Cheelo alikuwa amekishona mwenyewe kwa vipande vya vitenge, kinene, chenye manyoya ya rangi rangi, kwa sababu Cheelo huvua viatu akiendesha na sakafu ya lori ni baridi asubuhi. Sitali akakikunja vizuri, akamwekea mapajani mama, aliyekuwa ameshapanda kiti cha pembeni, Cheelo nyuma yao.

"Kishike, mama. Nikikipaka grisi utanichemsha pamoja na kapenta."

Mteremko wa kwanza ulikuwa mdogo. Sitali akainua mguu. Injini ikakoroma kama ng'ombe dume aliyechokozwa, na Bina Cheelo akasukumwa mbele mpaka mkono wake ukagusa dashibodi. Lori likashuka polepole, limetulia. Macho ya mama hayakutoka kwenye mikono ya fundi. Ilikuwa kwenye usukani, yote miwili.

Wakabadilishana. Cheelo akavua viatu, akachukua kizulia mapajani kwa mama yake, akakitandika na kukisukumia mpaka kwenye kona, maana ndivyo alivyofundishwa kutandika nyumbani. Sitali akakaa nyuma ya viti, kwenye kitanda cha dereva.

Mteremko wa pili. Cheelo akainua mguu.

Kimya.

Lori likaanza kukimbia, saruji ikilisukuma kutoka nyuma. Cheelo akakanyaga breki, akakanyaga tena, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Alipofika penye nafasi kando ya barabara akasimamisha, shati limemganda mgongoni. Mbele yao, ng'ambo ya kona, ndipo ule mlima wenyewe unapoanza, wenye mabati ya kingo yaliyopinda na misalaba ya rangi nyeupe.

Bina Cheelo akageuka nyuma.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Mama, mimi nimekaa huku..."

"Nimekuona! Macho yangu hayakukuacha. Kitu kimoja tu umegusa, kizulia changu! Ukikitoa, gari linashika. Kikirudi, gari linakimbia. Umekitia dawa, Mlozi wewe!"

"Mama, tafadhali," Cheelo akasema kwa aibu.

Lakini Sitali hakurudisha utani. Akateremka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva na kuinama.

"Cheelo, toa mguu kwenye mafuta."

"Nimetoa."

"Hebu sikiliza injini."

Ilikuwa inanguruma juu kidogo, kidogo sana. Sitali akaonyesha kwa kidole. Kizulia kilikuwa kimejikunja kwenye kona, na kunjo lake limeegemea pedeli ya mafuta, limeibonyeza unene wa ukucha.

"Gari linadhani bado unataka mafuta," akasema. "Litakuzuiaje na wewe unaliambia twende?"

Akakivuta kizulia. Injini ikashuka, ikatulia.

Bina Cheelo alikitazama. Kipande cha katikati, chekundu, kilikuwa cha kitenge alichombebea Cheelo mgongoni. Lakini bado hakuwa tayari kukubali kosa.

"Na wewe fundi mzima hukukiona siku zote hizo?"

"Kila nikiingia nakikunja, mama. Namheshimu aliyekishona."

Mlima wa Chirundu waliuteremka Cheelo akiendesha, kizulia kikiwa mapajani kwa mama yake. Injini ilikoroma mpaka chini. Bina Cheelo alilia bila sauti, akitazama dirishani.

Lori likabaki kwa Cheelo. Mama akampelekea Sitali mfuko wa kapenta nzuri. Sitali akaupokea, akamwambia Cheelo aonje kwanza, zisije zikawa zimetiwa dawa.

Sasa akina mama wenye watoto barabarani wakija kwenye meza yake sokoni, Bina Cheelo huwaambia hivi:

Usitandike zulia wala kitambaa karibu na pedeli, hata kama umekishona wewe.

Chupa, viatu na mifuko visikae miguuni pa dereva.

Injini ikinguruma juu na mguu haupo, usiendelee na safari.

Usianze mlima mkubwa kama breki ya injini haijashika kwenye kilima kidogo.

Usiweke gia huru kwenye mteremko.

Usimpangie fundi gari vizuri kabla hajalipima. Alikute kama unavyoliendesha.

Usimwite mtu mchawi kabla hujatazama chini ya mguu wa mwanao.