Taa Aliyoifuta Daktari

Kwa kujiamini, fundi huyu hakuwa na mfano. Gereji nzima ilimwita Daktari, naye akaitika bila haya. Kwa hiyo dada yake alipomletea gari lenye taa ya injini inayowaka, bwana mkubwa hata boneti hakufungua.

"Ni haya mafuta mapya yenye ethanoli, dada. Sensa ya moshi inachanganyikiwa, inadhani injini inanyimwa petroli. Endesha tu."

Akaifuta taa kwa kompyuta, wakaagana. Na kuhusu sensa hakukosea, tusimwonee. Alichokosea ni kutoangalia kitu kingine chochote.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, akaletewa gari la aina ileile. Hili alilifungua, maana mwenye gari alisimama kando amemkodolea macho. Akaubonyeza mpira unaopeleka mafuta kwenye injini. Ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukamwachia weusi vidoleni. Ethanoli ilikuwa imeula, na kwenye kiungio petroli ilidondoka karibu kabisa na bomba la moshi.

Akalikumbuka gari la dada yake. Saa hiyohiyo dada yake alikuwa barabarani, anampeleka mama yao kliniki.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mwenye gari akimuuliza kuna nini asijibiwe. Mara ya nne akapokea mama.

"Dada yako anaendesha, mwanangu."

"Mama, mwambie asimame. Azime gari, mshuke, mkae mbali nalo. Sasa hivi."

"Wewe si ulilikagua?"

"Sikulikagua, mama. Nakuomba, shukeni."

Alikodi pikipiki, akaifuata njia ya kliniki. Aliwakuta wamekaa kwenye ukingo wa barabara, mama ameshika kadi yake ya kliniki. Chini ya gari lami ilikuwa imelowa, na harufu ya petroli ilimpiga kabla hajashuka.

Alishukuru Mungu, kisha akasubiri matusi. Hayakuja. Dada yake hakumtazama hata usoni.

"Tangu tunatoka nyumbani mama analalamikia harufu," alisema taratibu. "Alitaka turudi. Nikamgombeza. Nikamwambia mwanao hawezi kutupandisha gari bovu."