Unyayo Chini ya Beseni

Filimbi zilikuwa wazo la Fausta, na hilo hakuna aliyemnyang'anya. Kwa wiki tatu mfululizo laptopu zilikuwa zinayeyuka katika mabweni ya chuo, tano kwa wasichana na moja kwa wavulana, na uongozi ulikuwa umefanya kile ambacho uongozi hufanya: umebandika tangazo. Basi kamati ya ulinzi ya wanafunzi ikakaa, Fausta Margwe wa mwaka wa pili akasimama, akasema kila bweni liwe na filimbi, na ikilia watu wote watoke mbio. Kwao Nambis yowe likipigwa hata mgonjwa hutoka kitandani. Alipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza watu wakishatoka mbio wafanye nini.

Alhamisi ile, saa nne asubuhi, manyunyu yalikuwa yamekatika na ukungu bado umelala juu ya mji wa Mbulu. Fausta alitoka kipindini mapema, akachukua beseni la nguo alizofua alfajiri, akazunguka nyuma ya bweni kuzianika. Hapo ndipo alipomwona. Mwanaume amechuchumaa chini ya dirisha la chumba namba kumi na moja, fimbo mkononi. Dirisha liko wazi na pazia linaning'inia nje.

Akatua beseni kwenye matope, akapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba.

Kufumba na kufumbua nyuma ya bweni palijaa watu. Wa kwanza kufika alikuwa Wolfgang, mwenyekiti wa kamati, kijana mrefu mwenye sauti ya mikutano. Akamkamata yule mtu shati kabla hajasimama vizuri, na ndipo Fausta akamtambua. Alikuwa Gidabuday wa mwaka wa tatu, mtoto wa wafugaji wa Dirma, yule asiyeongea sana. Tena ndiye mvulana pekee aliyeibiwa laptopu. Hilo lilipaswa kumsimamisha Fausta. Halikumsimamisha, maana wakati huohuo mwenye chumba namba kumi na moja alipiga kelele kutoka ndani kwamba laptopu yake haipo.

"Fausta, sema," Wolfgang akaagiza. "Umemwona akifanya nini?"

Watu sitini walikuwa wanamtazama. Kusema kwamba amemwona amechuchumaa kulionekana kitu kidogo mno kwa kelele kubwa namna ile.

"Nimemwona akitoka dirishani," akasema.

Maneno matatu tu. Kofi la kwanza lilitoka kwa nani hakuna aliyejua, na yaliyofuata hakuna aliyeyahesabu. Gidabuday aliangushwa, akainuliwa, akaangushwa tena. Wala hakuwa anaomba msamaha. Alikuwa anapiga kelele, "Msikanyage! Jamani, msikanyage hapo!"

"Nenda kawaambie hivyo ng'ombe wenu!" mmoja akamjibu, na wengine wakacheka. Kijana wa fulana nyekundu akaokota jiwe.

"Nimepita nikaona dirisha liko wazi, nikafuata nyayo," Gidabuday akasema, damu ikimchuruzika juu ya jicho. "Mwizi hakuingia dirishani. Nyayo zimetoka mlango wenu wa mbele, zikazunguka, zikafika hapa, zikarudi mlangoni. Ni mtu wa humu humu. Amefungua dirisha ili mseme ni mtu wa nje."

"Ziko wapi?" Wolfgang akauliza.

Akatazama chini, na wote wakatazama. Palikuwa na matope yaliyovurugwa na viatu vya watu sitini.

"Mmezifuta nyie," Gidabuday akasema. Akanyoosha kidole. "Imebaki moja. Nililiona beseni la huyu dada likitua juu yake."

Fausta akainama, akainua ukingo wa beseni upande wake, kidogo tu, kiasi cha yeye peke yake kuona. Unyayo ulikuwepo, wa mguu wa kushoto, wa yeboyebo, na kisigino kimekatwa pembe tatu pembeni. Pembe tatu ile aliikata mwenyewe kwa kisu cha moto muhula uliopita, ili viatu vyake vya kuogea visiibwe, na akalionyesha bweni zima huku akijisifu.

Akarudisha beseni chini.

Hakuwa ameiba. Tangu saa moja alikuwa kipindini na buti zake miguuni. Lakini nani angemsikiliza, kwa hasira ile? Angelisukuma beseni kiganja kimoja tu, matope yangeumeza unyayo na habari ingeishia hapo. Tuseme ukweli, aliogopa kwa ajili yake mwenyewe kwanza, na kwa ajili ya yule kijana baadaye. Kisha akamwona wa fulana nyekundu akihamisha jiwe kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na wengine wakimpisha apate nafasi.

Akalinyanyua beseni lote, akalikumbatia.

"Tazameni," akasema. "Hiki kiatu ni changu, mnakijua. Na huyu sikumwona akitoka dirishani. Alikuwa amechuchumaa tu. Nimesema uongo."

Halafu sauti ya msichana ikapasuka nyuma: "Kumbe ni wewe!" Mkono ukamvuta kilemba, mwingine ukamsukuma begani, na nguo alizofua zikamwagika chini. Fausta alijua sasa Gidabuday alikuwa amesikia nini dakika zote zile. Ilikuwa pumzi ya watu wengi karibu na shingo yake.

"Mwacheni!" Gidabuday alikuwa amepiga magoti, akijishikilia ukutani. "Kwetu ng'ombe wakiibiwa, nyayo zikaingia bomani kwako, hatukupigi. Tunakwambia utuonyeshe zinapotokea. Ukishindwa, ndipo tunaongea." Akamgeukia Fausta. "Zimeingia kwako. Onyesha zinapotokea."

Fausta alifikiri. Yeboyebo aliziacha chumbani, mlangoni, saa moja kasoro. Chumbani kwao, namba sita, walikuwa wawili tu. Benedikta alikuwa amesema tumbo linamsumbua, hatakwenda darasani. Benedikta, ambaye usiku wa baridi walijifunika naye blanketi moja. Fausta hakulitaja jina, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda, na watu wote wakamfuata.

Akafungua mlango. Benedikta alikuwa ameketi kitandani na viatu vyake vya darasani. Yeboyebo zilikuwa chini ya kitanda, zina matope mabichi.

"Fausta," akasema kwa sauti ya chini, "usiwaite."

Walikuwa wameshafika. Kishindo chao kilijaa ukumbini, na ni yeye aliyewaleta. Fausta akarudi nyuma, akavuta mlango, akabana kufuli, akauficha ufunguo kifuani. Kisha akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye mbao.

"Hapiti mtu. Wolfgang, piga simu polisi."

"Toka hapo!" Wolfgang akafoka. "Mwizi yumo humo, na si wewe uliyetuletea filimbi?"

"Ni mimi," Fausta akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ndiyo maana nimesimama hapa."

Mtu akapiga ngumi mlangoni, karibu na sikio lake. Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Gidabuday alikuwa anakuja, mkono mmoja ukutani, jicho moja limefumba. Akafika, akageuka, akasimama kando ya Fausta bila kumtazama. Wa fulana nyekundu alimwangalia, akaliangalia jiwe lake, akaliweka juu ya ukingo wa dirisha polepole. Wolfgang akatoa simu.

Polisi walichukua dakika arobaini kufika. Laptopu tatu zilikutwa ndani ya sanduku la bati la Benedikta, chini ya mashuka.

Jumatatu, kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya lile tangazo la uongozi, palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Fausta: *Anayepuliza filimbi atasimama mbele ya aliyempulizia mpaka polisi wafike. Atasema alichokiona, wala asiongeze.* Kamati iliipitisha. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Fausta alimkuta Gidabuday akiisoma kwa jicho lake zima. Juu ya lile jingine palikuwa na nyuzi saba.

"Naomba unisamehe," akasema.

Gidabuday alimaliza kusoma kwanza. "Kwetu mtu haji peke yake kwa jambo kama hili. Njoo Dirma na baba yako. Ukae mbele ya mama yangu, umweleze ulichofanya."

"Nitakuja."

"Na yale maneno ya dirishani umwambie."

"Nitamwambia."

Jioni ile Fausta aliketi kitandani, akitazamana na kitanda kitupu cha Benedikta, akapiga simu Nambis. Baba yake akapokea kwa furaha, akauliza masomo yanakwendaje.

"Shikamoo baba," Fausta akasema. "Kuna mtu nimemsemea uongo, nataka twende wote kwao Dirma."