Nyumba Kumi Zilizoshuka Kupiga Kura

Jumapili ya uchaguzi, Oktoba mwaka 1975, karani Ernest alifungua kituo saa moja kamili asubuhi katika darasa la tatu la shule ya msingi ya Azimio, kijiji cha ujamaa kilichoko bondeni kando ya barabara iendayo Kisaki. Alipanga meza mbili, akaweka kidau cha wino, penseli nne zilizochongwa na daftari la wapiga kura, kisha akaligeuza sanduku la kura juu chini mbele ya mashahidi waone kwamba ni tupu. Akatoka nje kuitazama foleni. Wa kwanza alikuwa mama mjamzito, wa pili mzee mwenye fimbo, na wa tatu ilikuwa nyumba.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, ya vyumba viwili, haina paa. Kuku alikuwa ameatamia kwenye kidirisha chake. Nyuma yake zilisimama nyingine tisa, kila moja imeacha nafasi ya hatua chache isije ikamkanyaga mtu. Zilikuwa zimeshuka alfajiri kutoka Lugeni, juu milimani, kwa njia ileile wanawake wanayopita na matenga ya kabichi na njegere, na tope jekundu lilikuwa limezipanda hadi usawa wa madirisha. Watu walisogea kwenye kivuli chake, maana jua la bondeni halina adabu hata asubuhi.

"Bwana karani, tuanze basi," alisema mzee mwenye fimbo. "Mimi shamba nimewaachia nyani."

Jambo hili lilianza zamani. Jimbo liliitwa Lugeni kwa sababu mwaka 1965 kijiji cha Lugeni ndicho kilichokuwa na watu wengi, na jina likabaki hata baada ya watu kwisha. Chama kilikuwa kimoja na wagombea wawili. Kila mgombea alipewa picha ya kumtambulisha kwenye karatasi ya kura, mmoja jembe, mwingine nyumba. Walizungushwa kwa Landrova moja, wakala ndizi za kuchoma kwenye sahani moja, na kila mmoja akasema kwa dakika zilezile huku wasimamizi wakitazama saa.

Kwingineko wagombea waliomba Mungu wapate jembe, kwa kuwa nchi ni ya wakulima. Lugeni jembe lilikuwa nuksi. Mwaka 1955 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu kuichonga milima yao ngazi kwa jembe, mpaka wakakataa na damu ikamwagika. Lakini nyumba ilikuwa habari nyingine. Kwa Waluguru ardhi hufuata lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na nyumba huitwa kwa jina la mwanamke aliye ndani. Mwanamume huhamia hapo akishaoa, na akizoea sana husahau kwamba alihamia.

Mwalimu Thobias, aliyekuwa ameacha ualimu karibuni, aliangukiwa na picha ya nyumba. Alipanda jukwaani akasema sentensi moja: "Nyumba ya mama haivunjwi." Akashinda. Mwaka 1970 aliangukiwa tena na nyumba, akasema sentensi ileile, akashinda zaidi. Kwa miaka tisa alikaa bungeni na sentensi hiyo, nayo haikuchakaa kwa kuwa huko hakuwahi kuitumia.

Agosti 1974 yalikuja malori. Thobias alisimama juu ya lori la mbele na kipaza sauti, akatangaza kwamba ifikapo Jumamosi kila mtu awe ameshuka Azimio, ambako kuna shule na bomba. Hakusema uongo. Shule ilikuwepo na bomba lilikuwepo, maji ndiyo yalikuwa bado. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakaezua nyasi ili mtu asiwe na pa kurudi. Paskalia, mjane wa miaka hamsini na miwili aliyeishi na mjukuu wake Kristina, aliomba aachwe avune njegere kwanza. Hakuachwa.

"Mwalimu," alimwambia Thobias, "si wewe uliyesema nyumba ya mama haivunjwi?"

"Haijavunjwa, mama," Thobias alijibu. "Imeezuliwa tu."

Azimio ilikuwa na joto na mbu, na njegere hazikukubali kuota. Paskalia alipewa kibanda namba 64, mstari wa nne. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini hakuwa pia mtu wa kuficha. Kila aliyemuuliza hali alimjibu kwamba anataka kitu kimoja, kurudi kwake Lugeni, penye kaburi la mama yake na la bibi yake. Na mlima ulionekana kutoka mlangoni pa namba 64, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kama usingeonekana.

Masika ya mwaka uliofuata yalizilaza nyumba nyingi za Lugeni, kwa kuwa udongo bila paa huyeyuka. Zilibaki kumi zilizokuwa zimekingwa na mwamba, ambazo balozi wake alikuwa Dominiko. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ndiye macho na masikio ya Chama kwa majirani zake, na Dominiko aliifanya kazi hiyo kwa moyo, hata kama hakuna aliyemwomba.

Uchaguzi ulipofika, Thobias aliangukiwa na jembe. Nyumba ilimwangukia mpinzani wake Salehe, fundi cherehani mpole aliyevaa tepu shingoni hata jukwaani. Kwenye mkutano wa Azimio, Paskalia alisimama akauliza kama ataruhusiwa kurudi Lugeni. Salehe aliwatazama wasimamizi, wasimamizi wakatazama saa zao.

"Nikichaguliwa," alisema Salehe, "nitaomba bungeni kwamba mwenye nyumba iliyosimama kule juu aruhusiwe kurudi."

Wasimamizi waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao. Paskalia alipiga vigelegele peke yake mpaka pumzi ikamwishia.

Kadi za kupigia kura zilitolewa wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Paskalia alipofika mezani, Ernest alipekua daftari mbele na nyuma.

"Jina lako halimo, mama. Nyumba yako imo."

Ilikuwa kazi ya Dominiko. Aliambiwa aorodheshe wapiga kura wa nyumba zake kumi, naye akaorodhesha kama alivyozoea siku zote anapogawa sukari au kuita mkutano: Nyumba ya Paskalia, Nyumba ya Hidaya, Nyumba ya Veronika, ambaye ni mke wake, mpaka zikatimia kumi. Penye umri aliandika umri wa nyumba, kwa kuwa kumuuliza mwanamke miaka yake si adabu, na nyumba zote alizijua, nyingine alisaidia kuzikandika. Ya Paskalia ilijengwa alipoolewa, ikawa na miaka thelathini na minane. Changa kuliko zote ilikuwa na kumi na tisa. Sheria ilitaka kumi na minane, hivyo daftari halikuwa na kasoro, na daftari lisilo na kasoro halirekebishwi.

"Basi nitaiita," alisema Paskalia.

Alimtuma mrina asali aliyekuwa akipanda mlimani kwenye mizinga yake. Yule bwana alifikisha ujumbe mlango kwa mlango, akitaja tarehe, mahali na saa ya kufungua kituo.

Na sasa nyumba ilikuwa imefika mezani. Ernest alifungua kijitabu cha kanuni akasoma kwa sauti, ili baadaye asiambiwe alipendelea. Mpiga kura awe raia, awe ametimiza umri, awe na jina daftarini, aingie peke yake kwenye kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri. Hakuna mahali palipoikataza nyumba. Shida ilikuwa mlango wa darasa, ambao ulikuwa na upana wa futi tatu. Alifikiri kidogo, akaagiza kituturi kitolewe nje na kuingizwa ndani ya nyumba. Kuhusu penseli, kanuni iliruhusu mpiga kura asiyeweza kuishika asaidiwe na mtu anayemwamini.

"Unamwamini nani?" aliuliza.

Mlango wa nyumba ulifunguka upande wa Paskalia, aliyekuwa amesimama pembeni. Ernest alipaka wino mguuni mwa mwimo wa mlango, akampa mama yule karatasi na penseli.

Paskalia aliingia kwake baada ya miezi kumi na minne. Majani yalikuwa yameota chumbani hadi magotini. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake, jivu lake limegandishwa na mvua. Kigingi ambacho marehemu mumewe alitundika koti kilikuwepo, na shimo dogo sakafuni, pale kinu cha mama yake kilipotwangiwa miaka mingi, lilikuwepo. Aliinama akatia kiganja chake kwenye shimo hilo. Kisha akalia, kwa furaha na kwa hasira pamoja, asijue ipi imetangulia.

"Mama," Ernest aliita kutoka nje, "ni alama moja tu."

"Nakuja, mwanangu. Naitafuta penseli."

Penseli ilikuwa mkononi. Foleni haikumharakisha. Hata mzee mwenye fimbo, aliyekwisha kupiga kura na kuachiliwa aende, alikuwa bado amekaa kivulini. Alipotoka, Paskalia alitumbukiza karatasi sandukuni, na nyumba ikasogea kando kuipisha ya Hidaya.

Salehe alishinda kwa kura nane katika jimbo zima. Watu wa Azimio walipiga hesabu kwa vidole. Kura kumi za nyumba zingeleta ushindi wa kura nane iwapo tisa zilikwenda kwa nyumba na moja kwa jembe, na bila hizo wagombea wangetoka sare. Ilikumbukwa kwamba katika nyumba ya Veronika aliyeshika penseli alikuwa mumewe Dominiko. Kura ni siri, hivyo hakuna aliyeuliza. Ila Veronika alimpakulia balozi ugali bila mboga kwa wiki nzima.

Salehe hakuwa mtu wa kula maneno yake. Alisimama bungeni na tepu yake shingoni akaomba alichoahidi kuomba, na jibu lilikuwa zuri: wenye nyumba zilizosimama Lugeni wataruhusiwa kurudi, mara wakaguzi watakapozithibitisha. Wakaguzi walikuja Februari. Walipanda kwa Landrova mpaka barabara ilipokata tamaa, wakamalizia kwa miguu. Pale chini ya mwamba walikuta mistatili kumi ya udongo mtupu, imepangika vizuri, nyasi zimeizunguka. Waliipima. Kisha wakaandika kwamba Lugeni hakuna nyumba iliyosimama, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Waliposhuka walizihesabu nyumba za Azimio wakakuta zimezidi kumi. Waliandika kwamba wananchi wamehamia kwa hiari na nyumba zao. Azimio ikapewa bendera ya kijiji bora tarafani, na aliyeikabidhi alikuwa Thobias, kwa sasa mjumbe wa kamati ya bendera.

Salehe alikuja mwenyewe kumweleza Paskalia. Alimkuta ameshahama namba 64, anaishi kwake, pale nyumba ilipotua ukingoni mwa shamba la mwisho, anasuka nyasi za paa.

"Mama, shikamoo. Wamekwenda kuangalia. Hazipo."

"Marahaba. Si hizi hapa?"

"Hapa siyo kule, mama."

"Zilishuka kukupigia kura wewe."

"Najua," alisema Salehe, na aibu ilimshika waziwazi, nayo ikamwongezea heshima. "Nitawaambia tena." Aliwaambia tena, mara nne kwa miaka minne, na kila mara alisomewa ripoti ileile.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wahenga hawakuwa na nyumba zinazotembea. Kushuka kulichukua alfajiri moja. Kupanda ndiko kulikoleta kazi. Nyumba ilikuwa nzito, ina paa jipya, ina watu na kuku ndani, na ardhi ya bondeni kiangazi huwa ngumu. Lakini masika ya kwanza, udongo ulipolainika, Paskalia aligundua kwamba mlango wake umesogea upande wa mlima. Alichomeka mti mahali ukuta wa nyuma ulipokuwa. Mvua zilipokwisha alipima akapata hatua kumi na moja. Masika yaliyofuata alichomeka mti mwingine, zikawa tisa, yaliyofuata kumi na nne, na ya nne kumi na mbili. Nyumba nyingine nane ziliandamana nayo kwa mwendo wao. Ya Veronika ilibaki palepale, na Dominiko alisema ni kwa sababu ya msingi wake imara.

Februari 1980 Ernest alirudi Azimio na daftari jipya. Uchaguzi ulikuwa unakuja, na wagombea wangekuwa wawili, jembe na nyumba. Aliikuta nyumba ya Paskalia imeshavuka shamba la mwisho la kijiji na mpaka wake, imeegemea mwanzo wa mteremko. Paskalia na Kristina, ambaye sasa alikuwa binti wa miaka kumi na minne, walikuwa mbele ya nyumba wanang'oa mawe na kuyapanga kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeota mvi."

"Safari hii tunaandika watu, siyo nyumba," alisema Ernest. "Jina?"

"Paskalia."

"Makazi? Azimio?"

Paskalia alitazama nyuma, kwenye miti minne aliyoichomeka.

"Siyo Azimio."

"Lugeni?"

"Bado."

Kanuni ilitaka mahali pasiachwe wazi. Ernest alichonga penseli yake, akafikiri, akaandika: Njiani. Kijiji cha jina hilo hakikuwamo kwenye orodha ya jimbo, kwa hiyo kadi haikutoka, na Ernest alimweleza hivyo kwa unyenyekevu.

"Sawa," alisema Paskalia. "Nyumba itafika. Mimi nisipofika, huyu mjukuu wangu atafika ndani yake."

Kisha akamwomba ashike upande wa pili wa jiwe moja kubwa, maana masika yalikuwa yanakaribia. Ernest aliweka daftari chini, akashika, wakalisogeza.