Kopo Moja kwa Kila Bariyeri

Kila asubuhi, kabla ya kuanika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, Kahambu alishuka ufukweni pa Shasha, akaingia ziwani hadi magotini, akatumbukiza kipimajoto na kuhesabu hadi mia. Kipimajoto kilikuwa cha mwanafunzi kutoka Bukavu, aliyepanga chumba kwao alipokuwa akisomea samaki. Vita vilipokaribia Minova, mwanafunzi aliondoka na begi moja, akamwomba aendelee kuandika namba mpaka atakaporudi. Hakurudi. Kahambu aliandika kwa miaka minane kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Tarehe tatu ya mwezi wa saba, mwaka 2012, aliandika 25.1. Katika daftari lote, tarehe hiyo haikuwahi kupita 24.

"Maji iko moto," alimwambia mume wake.

Merdi alikuwa ameketi juu ya mtumbwi, akishona wavu ambao haukuchanika popote.

"Njo maana sambaza bako chini," alisema. "Ziwa inakatala kugeuka."

Ziwa hugeuka mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Baridi huingia kwa juu, maji ya juu huwa mazito na kuzama, ya chini hupanda na chakula, na sambaza hufuata chakula. Pale Shasha kila mtu analijua jambo hili kama anavyoijua njia ya sokoni. Baridi yenyewe huletwa kwa miguu kutoka Nyabiondo na mkulima wa maharage aitwaye Anastasie. Kabla yake aliileta mama yake. Huimimina ziwani, hula, hulala, kisha hupanda tena milimani na gunia la sambaza wakavu.

"Nitamungoja mpaka misa ya siku ya Mungu," alisema Merdi. "Kama sambaza habako, naenda mu mashimo ya madini, ku Walikale."

"Bajirani Émile na Gustave balienda."

"Émile alirudia."

"Gustave ilirudia habari yake tu, Papa Kétsia," alisema Kahambu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Merdi aliendelea kushona.

Anastasie wakati huo alikuwa kwenye mianzi juu ya Nyabiondo, akikwangua baridi chini ya majani kwa kibuyu, kabla jua halijaipata. Zamani kazi hiyo ilichukua asubuhi mbili. Mwaka huu ilichukua tisa, na kikapu hakikujaa. Alikifunika kwa majani ya mgomba, akaweka maharage juu, akatia mkanda kwenye paji la uso na kuanza kushuka.

Bariyeri ya kwanza ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Vijana wenye bunduki walikuwa wakichukua kopo moja la kila kitu kilichopita: kopo la maharage, kopo la mafuta, kopo la chumvi.

"Mama, unabeba nini?"

"Maharage. Chini yake baridi."

"Ya wapi?"

"Ya ziwa. Nayipeleka ku Shasha."

"Weka kopo ya maharage hapa. Na ya baridi hapa."

Aliweka. Waliitumia baridi kuhifadhi nyama ya mbuzi.

Bariyeri ya pili ilikuwa ya watu wengine, maadui wa wale wa kwanza. Kopo lao lilikuwa kubwa kidogo. Baridi waliimimina juu ya kreti ya bia. Ya tatu na ya nne zilikuwa za wanaume waliokuwa wamebadilisha jina la kundi lao juma lile na bado walikuwa wakilikosea. Karibu na Mushaki, kamanda alikuwa amekijaza chumba chake baridi ya wapita njia wote. Alitoka nje akiwa amevaa makoti mawili, meno yakigongana.

"Kamanda, unatetemeka," alisema Anastasie. "Hii niachie, bantu ba ziwa bana njaa."

"Sheria ni sheria, mama. Kopo moja."

"Na ile ya ndani unafanya nayo nini?"

"Nayichunga."

Anastasie alifika Shasha Jumamosi mchana. Kahambu aliinua majani ya mgomba, akatazama ndani, akayarudisha. Kisha waliingia ziwani wote wawili na kumimina kilichobaki. Kilikuwa kopo moja na nusu.

Kahambu alihesabu hadi mia. 25.0. Sambaza kumi na mmoja walipanda, wakatazama, wakashuka.

Alihesabu tena. 25.1.

"Baliimaliza ku njia," alisema.

"Ku njia bamekamata yao," alijibu Anastasie, akikamua kitenge. "Lakini hata ku mulima ilikuwa kidogo. Kuko bariyeri ingine yenye sijaonaka. Ya inchi za mbali sana, kwenye bana viwanda na moshi mingi. Redio inasemaka. Bale banakamata nusu mbele ya mimi kufunga kikapu."

"Bana bunduki?"

"Hapana. Hata salamu habatoe."

Siku ya Mungu, baada ya misa, Merdi alifunga nguo zake. Kahambu hakulia wala hakumshika. Alishuka ziwani na bidoni ya lita ishirini, akakinga joto la juu mpaka ikajaa, akaikaza kifuniko.

"Beba hii," alisema. "Mpaka Walikale ni bariyeri kumi, kopo kumi. Kama banapunguza kila kitu, bapunguze na hii."

Merdi aliona maneno yake ni ya haki. Alibeba, akaondoka na Anastasie.

Pale Mushaki kamanda alifungua kifuniko, akakifunga haraka.

"Hii hatutaki. Pita."

"Kamanda, unasikia baridi," alisema Merdi. "Kamata kopo moja tu."

"Nimesema pita."

Kwa wale wa nne, wa tatu, wa pili na wa kwanza ilikuwa vilevile. Hakuna aliyechota hata kopo moja. Walipofika Nyabiondo, Anastasie alimwomba Merdi asiifungue karibu na mianzi, na yeye akaahidi. Aliendelea peke yake kuingia msitu wa Walikale.

Baada ya majuma matano, dereva wa pikipiki aitwaye Archange alisimama mbele ya meza tupu ya Kahambu sokoni.

"Mama Kétsia, habari ya Itebero, kule ku mashimo. Papa anasema bidoni ilifika yenye kujaa. Hakuna mwenye alikamata hata kidogo."

"Na yeye?"

Archange aligeuza ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Yeye njo amepunguka. Amebakia mifupa tu."

Kahambu alimpa maji ya kunywa. Kisha alichukua daftari, akaingia ziwani hadi magotini, akahesabu hadi mia, akaandika 25.4.