Nasaba ya Mto Tana

Mimi Salah nimelima vitunguu ukingoni mwa Tana, hapa Garissa, kwa miaka kumi na miwili, na sikuona sababu ya kufundishwa mto na mtu wa visima. Mtu huyo ni adeer Mowlid, ndugu wa marehemu baba, aliyetujia kutoka Wajir baada ya ukame kummalizia ngamia wote. Tulimpa chumba, kitanda na redio. Yeye akatupa maswali.

Siku ya kwanza shambani alisimama mbele ya mto akauliza baba yake ni nani. Nikamjibu kwamba mto hauna baba. Akanitazama kwa huruma. Akasema yeye hata mama za ngamia wake aliwajua mpaka kizazi cha saba, na mimi nakunywa maji nisiyoyajua ukoo.

Jioni hiyo mke wangu Fartun, mwalimu wa jiografia ambaye sijawahi kumuuliza swali hata moja la kazi yake, akamhesabia. Tana unazaliwa Nyandarua na Mlima Kenya, kwenye baridi. Sagana, Gura, Mathioya, Maragua na Thika inaungana, halafu maji yanapita mabwawa matano, la kwanza Masinga, la mwisho Kiambere. Kisha mto unazunguka nyikani hadi kwetu, ukateremka Hola na Garsen mpaka baharini Kipini. Adeer alirudia yote bila kukosea. Mimi nilikwama Mathioya.

"Sasa nani wetu yuko huko kwa baba ya mto?" adeer akauliza.

Wafugaji hawahami bila sahan, yaani mtu wa kutangulia kutazama mvua. Asubuhi adeer alibeba blanketi lake akapanda basi la kwenda huko milimani. Nikashukuru kupumzika.

Siku ya tatu akapiga simu. "Kwa baba yake kunanyesha tangu juzi, Salah. Hamisha pampu."

Pampu ile ya dizeli ndiyo shamba lenyewe. Bila hiyo ningerudi kubeba magunia sokoni. Lakini juu yangu hapakuwa na wingu hata la dawa, na jirani yangu Ogle angenicheka mpaka Idi. Nikamwambia adeer kwamba mtu asiyebakiwa na ngamia hata mmoja hana la kusema juu ya maji. Simu ikakatika. Neno lile lilinichoma mimi mwenyewe, lakini kiburi changu hakijui kurudi nyuma.

Kesho yake alimpigia Fartun: Masinga imejaa, inamwagika. Fartun akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wale wa nyuma darasani. Nikamwambia naenda mjini kunywa chai, nikakaa huko mpaka magharibi.

Baada ya siku mbili, ambazo kwa ukaidi sikukanyaga shambani, Ogle alinigongea mlango asubuhi. Tulipofika shambani jua lilikuwa kali, na maji ya kahawia yalikuwa yamemeza matuta yangu ya kwanza, pamoja na mahali pa pampu. Nilikaa kwenye tope nikalia, sioni haya kusema. Ogle hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nilirudi nyumbani nimelowa. Fartun alikuwa anasahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa akaniambia niangalie chumba cha adeer. Kitandani, juu ya shuka safi, ilikuwa imelala pampu. Fartun aliileta kwa mkokoteni wa punda siku ile nilipokuwa nakunywa chai.

Akanipa simu. Adeer alikuwa amekwama Mwingi, kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na maji pale Mororo, ng'ambo ya mto. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza, akataka nimhesabie nasaba ya mto. Nikahesabu. Mathioya nikapita salama, nikafika Kipini huku nikitokwa na jasho.

Kisha akauliza: "Na mimi, naweza kurudi?"

"Rudi, adeer. Ila utalala chumbani kwangu. Kitanda chako kina pampu."

Akauliza kama tumeifunika. Nikamwambia blanketi amekwenda nalo yeye.