Jaketi Nililolipunguza

Mzazi mwenzangu, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo usitafute hapa maneno makubwa. Naandika kwa sababu nusura nimuue mwanangu kwa sindano na uzi.

Mziwanda wangu anauza kwenye duka la dawa. Yeye na wenzake watatu wa kazini walishikwa na wazimu wa kayaki. Kama hujaiona, ni mtumbwi mwembamba wa plastiki. Unakaa miguu umeinyoosha mbele, na mkononi una kasia moja lenye mabapa mawili, unapiga maji kulia, unapiga kushoto. Walijifunza Jumapili mbili tu, nyuma ya ukuta wa gati ambako maji hayatikisiki. Wakapiga picha, basi, wakawa manahodha. Bahari wazi walikuwa hawajaigusa. Kupinduka hawajajaribu hata mara moja.

"Hatuna mpango wa kupinduka, mama," aliniambia.

"Na wanaopinduka huwa wana mpango?"

"Mama nawe. Kwa woga huo sijui hata ulituzaaje."

Alhamisi akaniletea jaketi la kujiokolea alilolinunua kwa mtu. Yeye ni mwembamba, jaketi lilikuwa linamvaa lenyewe.

"Nipunguzie. Nikilivaa naonekana kama godoro lililofungwa kamba."

Kupunguza na kuongeza ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita huu. Nililigeuzageuza kama ninavyogeuza gauni. Ndani lilikuwa na sponji ngumu, matabaka matatu mbele, matatu nyuma. Nikasema huu ni ufujaji wa kiwandani. Nikafumua ubavuni, nikachomoa matabaka mawili mbele na mawili nyuma, nikabana, nikapiga mshono mara mbili. Chini kulikuwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Huo niliukata bila kumwuliza mtu, niliuona hauna adabu. Alipolivaa, lilimkaa sawasawa. Akajigeuza mbele ya kioo, akanibusu shavuni, nami nikajiona fundi.

Jumamosi asubuhi, siku yao ya kwanza ya kutoka bahari wazi, kazi haikwenda. Kila nilichoshona nilikifumua. Mwisho nikafunga chumba cha kushonea, nikaenda ufukweni.

Walikuwa wameshaondoka. Niliziona kayaki nne mbali, ndogo kama maganda ya karanga, na ile nyekundu ndiyo ya mwanangu. Karibu na mchanga maji yalikuwa yamelala. Upepo ulinipiga mgongoni ukitokea mjini, mzuri, wa kuburudisha.

Pale mchangani alikuwepo mwalimu wa kayaki na wanafunzi wake, kipande cha mtu, kichwa kinang'aa. Wanafunzi walimwita Kipara, naye akiitika. Alikuwa akiwanyanyua mmoja mmoja kwa mabega ya jaketi, kama mtu anayepima gunia.

"Likipanda mpaka masikioni, hujalivaa hilo. Kaza mikanda."

"Utavunjika mgongo, mwalimu," akasema mama mmoja mnene aliyefikiwa na zamu.

"Bora mgongo wangu kuliko pumzi yako."

Nikamsogelea. "Samahani, mwalimu. Ile sponji ya ndani ni ya nini? Ya joto?"

"Mama, hiyo ndiyo inayokuweka juu ya maji. Kitambaa ni mfuko tu."

"Na mkanda wa miguuni?"

"Usipokuwepo, jaketi linapanda, wewe unashuka."

Ningeweza kunyamaza, maana aibu ilikuwa imenikaba, fundi mzima mimi. Nikasema, "Mwanangu yuko kule kwenye ile nyekundu. Jaketi lake nimelipunguza kwa mikono hii, na mkanda nimeukata."

Hakunigombeza. Aliangalia baharini. "Wana mwalimu?"

"Hawana."

"Upepo unatoka nchi kavu. Hapa nyumba zinaukinga, kule haukingwi na kitu. Wanasukumwa nje na hawajui."

Hajamaliza kusema, ile nyekundu ikalala kifudifudi.

Kipara akamwamuru mwanafunzi mmoja apige simu boti ya uokoaji ije, akaburuta kayaki yake majini. Nilikuwa nimeshaingia mpaka magotini.

"Nipeleke."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi nitakuwa na wawili wa kuokoa. Kazi yako ni hii. Panda lile jiwe, mwone, mnyooshee mkono. Mimi nikikaa chini huku mawimbi yatanifichia kichwa chake, nitageuka nikutazame wewe. Mkono usishuke. Macho usiyatoe."

Nikapanda. Nikanyoosha mkono. Niliona kitone cheusi, kikapotea, kikarudi. Kayaki yake ilikuwa imechukuliwa na upepo, aliiachia, na hilo ndilo kosa lao wote wasiofundishwa. Wenzake walihangaika kugeuza wamrudie, upepo ukawakatalia. Mkono ulianza kunielemea. Yule mama mnene akaja nyuma yangu.

"Nikusaidie kuangalia?"

"Shika kiwiko. Macho niachie mimi."

Mara mbili kichwa kilizama nikakikosa. Sikuuhamisha mkono. Kipara akageuka, akanitazama, akabadili njia, akapiga kasia. Sikupepesa mpaka nilipoona mikono miwili ikishika kayaki yake.

Boti iliwakusanya wale watatu. Wangu aliletwa na Kipara, ametapika, midomo ya buluu. Kumbe muda wote alikuwa akilivuta jaketi chini kwa mikono yote miwili lisimvuke kichwani, hivyo hakubaki na mkono wa kuogelea. Sikungoja hata apate taulo.

"Sponji niliitoa mimi. Na mkanda."

Meno yakigongana, akasema, "Mimi ndiye niliyekuomba."

"Uliomba nipunguze. Hukuomba nitoe. Na hakuna kati yetu aliyeuliza."

Dada zangu wakashauri nimpige marufuku. Nimkataze mtu mzima mwenye mshahara wake? Atakwenda kwa siri, na kwa siri hakuna wa kumnyooshea mkono. Kwa hiyo nakuambia na wewe uliye na mtoto wa namna hii: usimkataze, mpeleke kwa anayejua. Aanze kwa kupinduka, ndipo ajifunze kwenda. Ajue upepo unatoka wapi kabla hajaufurahia. Na jaketi lisiguswe na fundi, hata fundi akiwa mama yake.

Jumapili iliyofuata tulikuwa majini, maji ya kiunoni, yeye, Kipara na mimi, gauni langu limelowa mpaka kifuani. Jaketi jipya, la saizi yake, na mkanda wake wote. Apinduke, atoke, ashike kayaki asiiachie, apande tena. Mara ya sita akafuta chumvi machoni.

"Mama, nimechoka. Nimeshajua."

"Hata Jumamosi ile ulikuwa unajua."

Kipara akacheka. Mimi sikucheka.

"Pinduka."

Akanitazama kwa hasira, akavuta pumzi, akapinduka.