Maharage ya Siku ya Bata

Ukimkuta mtu Rujewa anakusimulia utamu wa bata wa porini, ujue amewahi kula kwa Mzee Bushiri. Si kwamba mzee alikuwa na bunduki. Bunduki ilikuwa ya Kalinga, Mhehe mmoja Mkristo, mkulima wa mpunga, mwenye leseni na jicho la kipanga. Lakini Kalinga angeweza kuangusha bata wa mbuga nzima ya Usangu na asipate Mwislamu hata mmoja wa kuwala, kwa sababu bata akifa kabla ya kisu ni mzoga, na mzoga hata ukiutia nazi na iliki utabaki mzoga. Kwa hiyo kila msimu wa maji Kalinga alifuatana na Mzee Bushiri. Kazi ya mzee ilikuwa kumuwahi ndege angali hai, kumwelekeza kibla, kutaja jina la Mungu na kumchinja. Wafanyabiashara walipanda lori kutoka Mbeya kuja kula pilau yake. Walimsifu kwa mbio zake, naye hakuwakataza.

Nyumbani kwake alikuwapo mtu mmoja asiyegusa bata, naye ni mkewe, Bibie. Alisema nyama hiyo inamsokota tumbo. Hata watoto aliwanyima tangu wadogo, eti bata humfanya mtoto awe mzito wa kusema. Siku ya bata wageni walikula sebuleni, yeye na wanawe wakakaa uani na chungu cha maharage. Mzee Bushiri aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha wake wa kila mwaka. "Mimi nimeoa mke wa maharage," alisema mbele za watu, na wageni wakacheka huku midomo inang'aa mafuta.

Mwaka jana Halfani naye alicheka. Alikuwa kijana wa Mlandege, Iringa, muuzaji katika duka la khanga la mjomba wake Ahmadi, na mjomba alikuwa amemleta Rujewa kumposa Jaha, binti wa Mzee Bushiri. Aliletewa sinia, akala mapaja mawili, akaona aibu, kisha akala na mgongo. Posa ilikubaliwa. Mahari yalipokelewa. Mwaka huu akarudi na mjomba wake kwa ajili ya ndoa, akijua lililobaki ni kuvaa kanzu na kuitikia.

Kumbe goti la Mzee Bushiri lilikuwa limeharibika. Jumatano, baada ya sala ya isha, mzee alimwita Halfani barazani, mjomba Ahmadi akiwapo, akamkabidhi kisu chake, chembamba, kilichonolewa hadi kikalika.

"Ndoa ni Ijumaa," alisema. "Kesho utakwenda na Kalinga. Ukiniletea bata wa kuwatosha wageni wangu wa Mbeya, utamchukua Jaha. Ukija mikono mitupu, lori la Iringa unalijua linaposimama."

Alisema akicheka, lakini mzee yule hakuwa mtu wa kula matapishi yake. Kama alisema mbele ya mjomba Ahmadi, basi amesema. Halfani alikishika kile kisu. Katika maisha yake alikuwa amechinja kuku, tena kuku aliyefungwa miguu na kushikwa na watu wengine.

Alfajiri Kalinga alimkuta ameshasimama njiani, amejifunga shuka kiunoni.

"Kamwene, bwana harusi," Kalinga alimsalimu.

"Kamwene," Halfani akaitikia, maana mtu wa Mlandege haikosi salamu ya Kihehe.

Wakiwa njiani Kalinga alimfundisha. Wakikaribia maji watembee upepo ukiwapiga usoni. Asikohoe. Asiinue uso bata wakipita juu, kwa kuwa uso wa mtu unang'aa na bata anauona kutoka mbali. Akitaka kupiga chafya aingize pua katika shuka. Halfani alikubali kila neno kama mtoto wa chuo, akajipaka tope mashavuni bila kuambiwa, na Kalinga akageuka pembeni ili asimcheke waziwazi.

Walijibanza ndani ya matete, maji yakiwafika mapajani. Baridi ya Usangu wakati wa alfajiri haina huruma na mtu wa dukani. Ruba mmoja akamshika Halfani nyuma ya goti, naye akanyamaza, akimfikiria Jaha. Kulipopambazuka walisikia miluzi. Bata wale wenye nyuso nyeupe walikuja kwa kundi, wakipiga miluzi yao, wakashuka chini chini juu ya maji. Kalinga akainua bunduki yake ya mitutu miwili akapiga, akapiga tena. Ndege walianguka pa, pa, kama viatu vilivyotupwa.

Halfani alitoka mbio. Alianguka, akanywa maji, akainuka, akamfikia wa kwanza akamgeuza. Shingo ililegea mkononi na jicho limefumba. Akamwacha, akamkimbilia wa pili. Wa pili kifua kilikuwa kimetobolewa na marisau, na uhai haumo. Wa tatu vivyo hivyo. Aliwafikia wote, mmoja baada ya mwingine, akihema, kisu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyepiga bawa.

Kalinga alikuja akiwaokota na kuwashika miguu. "Sasa mbona unawatazama tu? Kata, twende."

"Wamekufa."

"Wamekufa, ndiyo. Nimewapiga mimi. Kata shingo."

"Kalinga, nikimchinja aliyekufa sijachinja. Huyu ni mzoga. Mzee Bushiri anafanyaje mpaka anawawahi?"

Kalinga alisimama na bata wake wakining'inia. Alimtazama Halfani kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Mzee Bushiri haingii kwenye maji," alisema. "Siku ya kwanza kabisa aliingia, ruba wakamshika, akatoka anatetemeka. Tangu hapo anakaa kule juu kwenye kichuguu, amejifunika blanketi. Mimi naokota bata yote nampelekea. Yeye anageuza upande wenu ule, anasoma, anakata. Kila mwaka."

 Halfani aliyakumbuka mapaja mawili ya mwaka jana, na ule mgongo. Aliwaona wafanyabiashara wa Mbeya na midomo yao ya mafuta. Alimwona mjomba Ahmadi, mtu wa sala tano, akimung'unya bawa na kumshukuru Mungu. Akamwona mkwewe akiwagawia watu kwa mkono wake, tena akiwahimiza waongeze. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mengine mtu angeomba apofuke kwanza. Alikaa chini palepale, maji yakamfika kifuani, na asiione baridi.

Kalinga naye uso ulikuwa umebadilika. "Mimi nilifikiri dua ndiyo inafanya," alisema polepole. "Wewe Mwislamu ukisoma, basi imekuwa halali. Hakuna mtu aliniambia lazima iwe hai. Sasa mimi nimewalisha nini watu?"

"Hukujua."

"Yeye alijua?"

Halfani alikitazama kisu cha mzee mkononi mwake, na Kalinga akaelewa. Aliwaachia bata, wakaelea kati yao. Mwishowe Kalinga alikohoa. Alisema hawa watakuwa kitoweo cha nyumbani kwake, kwake hawana kosa, lakini yeye hampelekei tena mzee yule hata unyoya. Kisha akakumbuka harusi, akamhurumia Halfani kweli.

"Ukirudi bila bata hupewi mke."

"Najua."

"Na mimi nikipiga, wanakufa. Mkono wangu ndivyo ulivyo." Kalinga alifikiri, akatazama huku na huku kama mwizi wa mahindi. "Leseni ina jina langu. Askari akikuona na bunduki tutalala ndani wote wawili. Lakini shika wewe. Wewe hujui kupiga. Labda utampiga vibaya."

Ni mara chache mtu hupewa kazi kwa sababu haijui. Halfani aliipokea bunduki kama mtu anayepokea mtoto mchanga wa wenyewe. Kalinga alimwekea kitako begani, akamwambia abane, akamwambia asifumbe macho. Kundi jingine lilipopita, Halfani alisema bismillahi kwa sauti iliyotetemeka, akafumba macho yote mawili, akavuta. Bunduki ilimpiga teke la punda. Alijikuta chali ndani ya tope, masikio yanalia, mbingu iko juu yake na bata wote wanaondoka zao.

Wote ila mmoja. Huyo alikuwa amevunjika ncha ya bawa tu, akaanguka kwa hasira, akaanza kuogelea kwa kasi kuelekea kwenye matete. Halfani alimfukuza. Alimkosa, akamshika mkia, manyoya yakabaki mkononi, akajitupa mzimamzima juu yake. Bata alimdona kidevuni mpaka damu ikatoka. Halfani alifurahi kuumwa kule kuliko alivyowahi kufurahia pongezi. Alimbeba hadi mahali pakavu, akaelekea kaskazini, jua likichomoza begani kulia, akataja jina la Mungu na kumchinja. Damu ilimwagika ya moto juu ya vidole vyake. Walijaribu tena mpaka jua likapanda na risasi za Kalinga zikaisha, na Halfani hakupiga kingine ila matete.

Walirudi Rujewa adhuhuri. Halfani alipita uani akampa mama mkwe wake bata yule mmoja, akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Bibie alimpokea, akamgeuza, akafunua manyoya ya shingo. Damu ilikuwa imekauka hadi kifuani, damu ya ndege aliyechinjwa angali hai. Alitazama pale kwa muda mrefu kuliko mpishi anavyotazama bata. Kisha akaingia naye jikoni.

Barazani mambo yalikuwa mengine. Mzee Bushiri alikuwa ameketi na mjomba Ahmadi, mguu mbovu umenyooshwa juu ya kigoda.

"Mmoja?" alisema. "Wageni wa Mbeya nitawapa manyoya? Ahmadi, mimi nilisema nini jana?"

Mjomba Ahmadi akainamisha uso. Halfani alisimama mbele yao na tope lake. Jaha alikuwa nyuma ya dirisha la barazani, na neno moja la kweli lingetosha kumvua mzee nguo mbele ya mgeni. Lingeweza pia kumvunjia Halfani ndoa, maana ni baba gani atamtoa binti kwa mtu aliyemwaibisha? Ulimi ulimwasha. Akasema lile alilomudu.

"Mzee, huyu mmoja ndiye kisu kilimkuta hai."

 Rangi ilimtoka Mzee Bushiri.

"Basi, Mzee Bushiri," mjomba Ahmadi alisema kwa moyo mweupe, "kweli wewe ulikuwa na mbio. Kuwawahi wote wale, miaka yote."

 Mzee alianza kulisugua goti lake, akalisugua mpaka mwadhini akaadhini.

Jioni walikula sebuleni, wanaume watatu juu ya mkeka. Jaha alileta wali na bakuli la bata wa nazi, akaondoka bila kuinua macho. Mlango wa uani ukabaki wazi, na mlango ule siku ya wageni haukuwahi kuachwa wazi. Mzee Bushiri alichovya mkono katika bakuli, akatafuta, akatafuta tena.

"Bata gani huyu mwenye paja moja?" aliuliza.

Mjomba Ahmadi ndiye aliyetazama nje kwanza, kisha Halfani, na mwisho mzee mwenyewe. Bibie alikuwa ameketi kando ya jiko, ushungi umemwangukia mabegani, na paja la bata liko mkononi mwake. Alikuwa akila. Alikula taratibu, akivuta nyama mpaka mfupani, na watoto wadogo walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na kipande chake.

"Shemeji," mjomba Ahmadi alisema akicheka, "leo tumbo limepona?"

"Tumbo langu halijapata kuumwa, shemeji."

Tonge la Mzee Bushiri lilibaki hewani.  Kule majini Halfani alidhani ameshaona la kushangaza, kumbe la majini lilikuwa dogo. Mama huyu alijua. Mama huyu alipika, akapakua, akatazama sinia zikitoka kwenda kwa watu, kisha akafunga mlango akawapa wanawe maharage.

"Tangu lini?" mzee aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Mimi ndiye ninayewanyonyoa, Baba Jaha," Bibie alisema. "Tangu mwaka wa kwanza."

Mjomba Ahmadi alitazama kutoka kwa mke hadi kwa mume. Cheko likamtoka usoni kidogo kidogo. Kisha akakumbuka tope la Halfani na maneno yake ya mchana, akarudisha tonge lake sahanini na kuufuta mkono wake kwa muda mrefu.

Mzee Bushiri alikaa na macho yake chini. Nje watoto walikuwa wakigombea shingo.

"Kesho nitatoa ng'ombe," alisema mwishowe. "Wageni watakula ng'ombe. Halfani ndiye atakayechinja, na baada ya sala atamwoa Jaha." Akalisogeza bakuli mbali naye, akageuka mlangoni. "Mama Jaha, nipe maharage."

Bibie alilamba kidole, akamtupia mtoto mfupa.

"Leo sikupika maharage," alisema.